Kifunguamimba wa Chumba cha Seva

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi hatua moja kutoka mlangoni, mkono wa kulia umenyooshwa, vifundo vya vidole vimechubuka. Alikuwa na soksi tu miguuni. Viatu vyake vilipangwa nje ya mlango, maana katika chumba kile hakuna aliyeruhusiwa kuingia na vumbi la barabarani.

Inspekta naye akavua vyake. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na alijua fika nani aliitoboa. Ni mdogo wake. Alikuja kukaa kwake siku tatu, sasa mwezi wa tatu unakatika, na soksi za mwenye nyumba anazivaa bila kuuliza.

"Kafa saa ngapi?" aliuliza.

"Kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja asubuhi," daktari wa polisi alijibu bila kuinua kichwa. "Kakosa hewa. Hiyo michubuko ya vidole ni ya kupiga mlango."

Chumba kilikuwa chembamba, baridi, na chenye mvumo usiokatika. Makabati ya chuma yalisimama safu mbili, ndani yake mashine zinamemeteka taa ndogo za kijani. Pembeni kulikuwa na mitungi minne mikubwa ya gesi ya kuzimia moto. Ukibonyeza kitufe chekundu kilicho nje ya mlango, king'ora cha ndani kinalia, na baada ya nusu dakika gesi inamwagika na kufukuza hewa yote. Moto unakufa. Mtu naye, asipotoka upesi, hali yake ni hiyo hiyo.

"Nusu dakika inatosha kabisa kutoka," alisema Koplo, msaidizi wake, binti wa dawati la makosa ya mtandao. "Kwa nini hakutoka?"

Inspekta alitoka nje, akachuchumaa. Juu ya vigae vyeupe kulikuwa na michirizi miwili myeusi ya magurudumu. Ilianzia ukutani, ikaja moja kwa moja hadi mlangoni, kisha ikarudi. Ukutani lilisimama toroli la betri chakavu. Alilisukuma kwa mkono mmoja, halikutikisika. Alipolitia bega ndipo likasogea.

Mlango ule ulifunguka kwa nje. Anayetaka kumfungia mtu hakuhitaji ufunguo.

"Piga picha hii michirizi," alisema. "Chukua alama za vidole kwenye toroli na kwenye kitufe. Kamera?"

"Zimezimwa tangu jana, afande. Zilikuwa zinahamishiwa kwenye mashine mpya."

"Nani alijua?"

"Wafanyakazi wote."

Wafanyakazi wenyewe hawakuwa wengi. Meneja, mama mrefu mwenye miwani, alikuwa amekaa ngazini. Ndiye aliyeuona mwili, saa mbili kasorobo, alipofungua chumba pamoja na fundi mkongwe. Kampuni yake ilipangisha nafasi kwenye mashine zake: shule, zahanati na maduka waliweka tovuti zao humo. Marehemu alikuwa mkuu wa mafundi kwa miezi minne tu, ingawa alikuwa kazini mwaka wa tatu. Mpaka siku anakufa walimwita Mgeni. Majina ya utani ni sugu kuliko madoa ya mafuta.

"Na huyo fundi mkongwe?"

"Mwenyeji? Yuko ndani. Ndiye tuliyeanza naye."

Mwenyeji alikuwa mzee wa miaka hamsini na saba, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amesimama kwenye korido ameshika kitambaa, anafuta kioo cha mlango ambao polisi walishaupaka unga wa kuchukulia alama.

"Acha kufuta hapo, mzee wangu," Inspekta alisema. "Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ndiye mwenyeji."

"Nauliza kazi yako."

"Ndiyo hiyo hiyo." Mzee akakunja kitambaa mara nne. "Mgeni akija, namkaribisha mimi. Mashine ikiugua, naiuguza mimi. Na hizo mashine zenyewe, kila moja iliyo kwenye mtandao na ina jina lake na namba yake, kwa lugha yetu ya kazi ni mwenyeji. Wewe ukitaka tovuti ya shule ya mwanao, unabisha hodi kwa jina. Mtandao unatazama kwenye orodha, unaiona namba, unakupeleka. Mwenyeji anakufungulia, anakupa ulichofuata, unaondoka."

"Na mwenyeji asipokuwa kwenye orodha?"

"Hata awe mzima wa afya, hakuna atakayemfikia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba. Inspekta akamtazama vizuri zaidi.

"Majina mnayatoa wapi?"

"Anayeiwasha mara ya kwanza ndiye anayeipa jina. Ndio utaratibu wetu tangu siku ya kwanza." Uso wa mzee ulichangamka kidogo. Akaonyesha kupitia kioo. "Yule Mtulivu. Yule Bi Mkubwa. Yule wa chini ni Kaidi, huyo hujizima akijisikia. Na huyu hapa ni Kifunguamimba."

Inspekta alitaka kucheka. Ndipo alipoona kwamba kidole cha mzee kinaelekea kwenye mashine kuukuu, ya kijivu, iliyobandukwa lebo na kubakiza alama ya gundi. Lebo ya KIFUNGUAMIMBA ilikuwa juu yake, kwenye mashine mpya nyeusi.

"Mbona jina liko kwenye ile?"

"Hiyo karatasi tu," mzee alijibu upesi. "Uulize mtandao."

Tuseme wazi jambo ambalo Inspekta hakuwahi kumwambia mtu: pale pale alikumbuka mbwa wake. Alimwokota mwenyewe akiwa kitoto, akamlea kwa maziwa, akampa jina la Sajini. Mdogo wake alipokuja akawafundisha watoto kumwita Bosi, kwa mzaha. Wiki ya pili Inspekta akasimama uani akaita, "Sajini!" Mbwa akamtazama kama anayetazama mpita njia, akaenda kujilaza miguuni pa mdogo mtu. Inspekta aliumia, akaona aibu kuumia kwa ajili ya mbwa, akazidi kuumia.

"Leo umefika kazini saa ngapi?" alimuuliza mzee.

"Saa moja unusu. Kabla ya hapo nilikuwa nyumbani na mke wangu."

"Ulikuwa unapatana na marehemu?"

"Nilimfundisha kila anachokijua. Aliyekuja hajui wapi pa kushika, ukamshika mkono, utakosaje kupatana naye?" Akaongeza kama anayejisemea, "Kupe hana nyumba. Mwenyeji wake ni ng'ombe."

"Unasema?"

"Nasema pole yake, Mungu amrehemu."

*

Saa tano mkuu wa kituo alikuwa ameshampata muuaji wake. Hakuinuka hata kitini kumtafuta.

"Mpokezi wao," alisema, akigonga meza. "Ni mchumba wa marehemu. Jana kapiga kelele mapokezi, watu wanne wamesikia: 'Nitakuua.' Leo jamaa kafa. Unataka nini zaidi, Inspekta, barua ya mwaliko?"

"Muda, afande."

"Saa kumi na mbili jioni faili liwe hapa, na shtaka la mauaji ndani yake. La sivyo nampa mwingine."

Kumbukumbu za mlango wa nje nazo zilimkaba binti huyo. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane, mlango ulifunguliwa kwa kadi ya marehemu. Dakika nne baadaye ukafunguliwa tena, kwa kadi ya wageni. Kadi ya wageni hukaa kwenye droo ya mapokezi, na ufunguo wa droo hukaa kwa mpokezi.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, macho yamevimba, pete ya uchumba imezungushwa kidoleni hadi ngozi ikawa nyekundu. Harusi yao ilibakiza wiki tatu. Alipoketi mbele ya meza ya mahojiano mwenyewe aliiweka mikono juu yake, kabla hajaambiwa.

"Jana ulisema utamuua."

"Nilisema."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kila mtu. Mwenye hasira hahesabu vichwa."

"Kwa nini ulisema?"

"Someni simu yake. Si mnayo?"

Walikuwa nayo. Ujumbe ulitoka kwa namba iliyohifadhiwa kwa herufi moja tu, M: *Ijumaa njoo mapema, kabla hajarudi. Usimwambie mtu, hata mchumba wako.*

"Ungekuwa wewe ungefanya nini, afande?" binti aliuliza. "Mwezi mzima kila Ijumaa anachelewa. Nikimuuliza, anacheka. Anafunika simu. Anaoga manukato. Nilikonda, nguo ya harusi ikapunguzwa mara mbili. Nikiangalia mwanamke yeyote barabarani nasema, pengine ni huyu."

Inspekta alimwelewa kupita kiasi. Nyumbani kwake mkewe alikuwa akicheka jikoni kila asubuhi, kicheko kile cha zamani, lakini anayechekesha ni shemeji. Hakuwa na shaka yoyote juu ya mkewe. Aliona wivu wa kicheko chenyewe. Basi akamtazama binti na kusema moyoni, huyu anaweza. Mtu mwenye moto huu anaweza.

"Kadi ya wageni iko wapi?"

"Imepotea tangu Jumatatu."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Niliogopa meneja atanifokea."

"Nani aliitumia mara ya mwisho?"

"Mwenyeji. Alikuja na fundi wa viyoyozi, akamtembeza. Ndiye anayetembeza wageni siku zote."

"Akairudisha?"

Alifikiri. "Alisema ameirudisha. Mimi nilikuwa nalia siku hiyo. Sikuangalia."

"Leo saa kumi na mbili na nusu ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Na nani?"

"Na mto wangu. Mto hausemi, najua." Machozi yakaanza kumtiririka bila kwikwi. "Afande, kama mnanifunga nifungeni. Lakini kwanza mniambie M ni nani. Nisife sijui."

Inspekta akafunga daftari. Aliagiza binti apelekwe mahabusu, apewe maji na blanketi, na asifunguliwe shtaka mpaka atakaporudi yeye.

*

Kampuni ya simu iliwapa anwani ya namba ya M. Ilikuwa nyumba ndogo, ya ghorofa moja, yenye mlango uliopakwa rangi ya bluu na ndoo za maua ngazini. Aliyefungua alikuwa mama wa makamo, mnene, mikono imejaa unga.

"Karibuni, karibuni ndani," alisema kabla hajauliza ni nani. "Msivue viatu, nadeki baadaye."

Ukutani sebuleni palikuwa na picha ya harusi ya zamani. Bwana harusi alikuwa na kalamu tatu mfukoni.

Koplo aliiona wakati mmoja na Inspekta. Wakatazamana.

"Mama, wewe ni mke wa fundi wa kampuni ya seva? Yule wanayemwita Mwenyeji?"

"Ndiye mume wangu. Kuna nini?"

"Hajakupigia simu leo?"

"Hapana. Kuna nini, wanangu?"

Inspekta alikuwa amepeleka habari za vifo kwenye milango mingi na hakuwahi kuzoea. Alimwambia akae kwanza. Kisha akamwambia.

Mama hakupiga yowe. Aliitazama mikono yake yenye unga, akaanza kuusugua taratibu hadi ukamwagika wote kwenye sketi.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu mimi."

"Alikuwa ndugu yenu?"

"Hakuwa na ndugu. Alipokuja kazini hakuwa na pa kulala, mume wangu akamleta hapa kwa mkono wake. Aliniambia, 'Mama nanihii, mgeni njoo, mwenyeji apone.' Alikuwa na furaha! Sisi hatukujaliwa mtoto. Kakaa hapa miezi saba, analala kwenye kochi hilo. Akaanza kuniita Mama. Hata alipohama hakuacha kuja."

"Mumeo alionaje?"

"Mwanzo alimpenda kuliko mimi. Halafu..." Akajifuta kwa kiwiko. "Halafu akapandishwa cheo yule kijana, mume wangu akaanza kurudi kimya. Nikimtaja kijana, anaondoka mezani. Mara moja kaniambia, 'Hata sahani yangu unampakulia yeye kwanza.' Nikamwambia, mzee mzima unaona wivu wa sahani?"

"Huu ujumbe ni wako?" Koplo alimwonyesha.

"Ni wangu. Ilikuwa siri yetu." Akainuka, akaenda kabatini, akarudi na kadi moja nyeupe yenye utepe. "Mwenyewe alikuja na wazo hilo. Zimetoka kwa mchapaji juzi. Tulitaka kumshtukiza mume wangu kesho, kabla hajarudi tupange meza, ajikute na kadi kwenye sahani yake. Wazazi wa kijana walishafariki. Sasa kadi ya harusi inataka wenyeji, watu wanaoalika."

Inspekta aliisoma kadi. Aliisoma mara ya pili. Kisha akaomba ruhusa kuichukua kama kielelezo, na mama akaiachia bila kuuliza.

"Mama, leo mumeo kaondoka hapa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Alisema wana kazi ya kuhamisha mashine."

Ndipo akaona nyuso zao. Akaketi tena, polepole.

*

Ndani ya gari Koplo alifungua kompyuta yake. Asubuhi yote alikuwa akifukua kumbukumbu za mfumo.

"Afande, jana saa tatu usiku marehemu alihamisha jina la Kifunguamimba kutoka mashine kuukuu kwenda mashine mpya. Meneja aliidhinisha. Ni kawaida, ukibadilisha mashine unaipa mpya jina la zamani, ili wateja wasibadilishe chochote kwao. Leo asubuhi alikuja kuing'oa ile kuukuu."

"Halafu?"

"Jina limerudishwa. Sasa hivi, kwenye orodha, Kifunguamimba ni ile kuukuu. Ndiyo maana nusu ya tovuti za watu hazifunguki tangu asubuhi. Mashine yenyewe haina kitu tena, imeshahamishwa kila kilichokuwemo."

"Limerudishwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika hamsini na nane."

"Na gesi?"

"Mtambo wa moto umeandika dakika ya arobaini na saba."

"Dakika kumi na moja." Inspekta alizihesabu kwa vidole. "Nani wana nenosiri la hiyo orodha?"

"Watu wawili. Mmoja alikuwa sakafuni." Koplo akakunja uso. "Ila siielewi. Mtu umeshaua. Hujakimbia. Unaketi kwenye kiti, unafungua orodha, unarudisha jina la mashine tupu. Faida yake nini? Asingegusa, tusingekuwa na kitu."

"Una mbwa, Koplo?"

"Afande?"

"Basi. Twende."

*

Walimkuta mezani kwake, chumba cha pili kutoka chumba cha seva. Meza ilikuwa safi, bisibisi zimepangwa kwa urefu. Alipowaona hakusimama.

"Karibuni," alisema.

"Mzee wangu, ulisema kabla ya saa moja unusu ulikuwa nyumbani na mkeo."

"Ndiyo."

"Mkeo anasema uliondoka saa kumi na moja na nusu."

Mzee akasogeza bisibisi moja ikae sawa na nyingine.

"Kadi yako siku hizi inafanya kazi kuanzia saa ngapi?"

"Saa moja. Tangu mwezi uliopita." Midomo yake ilikaza. "Mkuu wa mafundi ndiye anayeingia saa anayotaka. Wengine tusubiri jua. Miaka kumi na tisa mlango huu naufungua mimi!"

"Kwa hiyo ukaingia kwa kadi ya wageni."

Mzee akatazama bisibisi zake. Inspekta alivuta kiti, akaketi karibu naye, magoti yakikaribia kugusana.

"Nani alirudisha jina la Kifunguamimba leo asubuhi?"

"Limerudi mahali pake."

"Nauliza nani."

"Anayeiwasha ndiye anayeipa jina." Sauti ilipanda ghafla. "Kila mtu anajua! Ni utaratibu! Nilimwasha mimi, hakuna kampuni, hakuna meneja wa maana, chumba kimoja na feni ya kuazima. Mke wangu siku ile alikuwa ametoka hospitali, mimba ya tatu imeharibika, daktari katuambia tusijaribu tena. Nikaja hapa nikamwasha. Ilipouliza jina, nikaandika Kifunguamimba. Sikumwambia mtu kwa nini. Watu walicheka, nami nikacheka nao."

"Na Mgeni alijua?"

"Atajuaje? Hakuuliza! Anachukua tu." Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakudondoka. "Nilimpa kochi langu. Nikampa kazi. Cheo akakichukua, nikasema sawa, ni kijana, ana cheti. Mke wangu akawa mwanangu, mwanangu, anampakulia kabla yangu, nikasema sawa. Jana saa tatu naangalia kwenye orodha, naona jina limehamia kwenye lile sanduku jeusi. Sikulala. Nilikuja kumwomba. Haki ya Mungu, nilikuja kumwomba tu."

"Ukamwomba?"

"Nilimwona kupitia kioo. Amenipa mgongo. Anabandika lebo, anaisugua kwa kidole gumba ishike vizuri. Na anaimba kwa pua. Anaimba, afande!"

"Toroli ulilisukuma kabla ya kubonyeza kitufe, au baada?"

Hilo ndilo swali ambalo wakili angemkataza kulijibu. Mzee alilifikiria kwa uaminifu, kama alivyozoea kufikiria hitilafu za mashine.

"Kabla," alisema.

Koplo akaliandika neno hilo, akalipigia mstari.

"Aligonga?"

"Aligonga. Aliniona kwenye kioo, akadhani nimekuja kumfungulia. Aliniita." Mzee akashika kichwa. "Hakuniita Mwenyeji. Sikusikia vizuri, king'ora kilikuwa kinalia. Midomo ilisema Baba. Nikasema moyoni, hata hilo anataka kulichukua."

"Ukarudisha jina."

"Nilirudisha toroli, nikakaa hapa. Nilitetemeka. Nilipoandika jina nikatulia. Kwa saa nzima nilikuwa nimetulia, Mungu anisamehe."

Inspekta alimsomea haki zake, maneno yale yale ya siku zote. Kisha akatoa mfukoni mfuko wa nailoni wa vielelezo, akauweka juu ya meza kati ya bisibisi. Pengine hakupaswa. Pengine ilikuwa ukatili. Lakini kuna binti alikuwa kwenye sakafu ya mahabusu kwa ajili ya siri iliyomo humo, na Inspekta aliona mzee huyu asiende jela hajui alichoua.

"Soma."

Mzee akavaa miwani. Ilikuwa kadi nyeupe yenye utepe. Kwenye mstari wa kwanza, kwa herufi za dhahabu, lilikuwa jina lake kamili, lile la kwenye vyeti ambalo hakuna aliyelitumia, na kando yake jina la mkewe. Chini yake: *kwa furaha kubwa wanakualika kwenye harusi ya mtoto wao wa kwanza.*

Alisoma mpaka mwisho. Akarudi juu, akasoma tena.

"Nani kaandika hivi?"

"Yeye. Ilikuwa akuwekee kwenye sahani kesho."

Mzee aliunyanyua mfuko, akaukaribisha kwenye taa, akaanza kusugua kwa kidole gumba mahali palipoandikwa jina lake, juu ya nailoni, taratibu, kama mtu anayetaka lebo ishike. Koplo alimwachia dakika moja nzima kabla ya kumtia pingu.

*

Saa kumi na moja na nusu faili lilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo. Alisoma ukurasa wa kwanza, akatazama saa yake, akasema tu, "Hm." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Binti alitolewa mahabusu. Inspekta alimweleza mwenyewe, kwa maneno machache, M alikuwa nani na alikuwa anaandaa nini. Binti alisikiliza huku anazungusha pete.

"Na mimi nikamwambia nitamuua," alisema. "Neno langu la mwisho kwake."

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mama mnene mwenye unga uliokauka kwenye sketi, hajui aingie kumwona mume au aende chumba cha maiti kwa mtoto. Binti alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akaketi kando yake, na mama akamkumbatia, na Inspekta akapita upesi akitazama chini.

Alifika nyumbani bado kuna mwanga. Mdogo wake alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha Inspekta, watoto wawili wamemparamia, mke anacheka mlangoni. Mdogo mtu alipomwona kaka yake akaruka kusimama, aibu usoni.

"Kaa, kaa hapo kaka. Nilikuwa nakushikia tu."

"Keti wewe," Inspekta alisema.

Alivua viatu. Watoto wakaona tundu la soksi, wakaangua kicheko. Yeye akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Mbwa alikuwa amejilaza chini ya meza, masikio yamesimama, anamtazama.

Inspekta akapigapiga sakafu kwa kiganja.

"Bosi," aliita. "Njoo."

Mbwa akaja mbio.